Mchawi, Mganga na Hakimu: Maneno ya Mlima Kenya na Ukambani Mbele ya Sheria ya Kikoloni

Utangulizi

Mji wa Embu ulianza mwaka 1906 kama kituo cha utawala wa Kiingereza, baada ya Waembu kushindwa kwa nguvu ya silaha. Kituo kikawa mji, na mji ukapata mitaa. Mmojawapo, Dallas, una jina lile lile la mji mashuhuri wa Marekani. Katika mji wa namna hiyo Mwembu, Mmbeere, Mkamba, Mmeru na Mgikuyu hukaa jirani, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kila mmoja huja na maneno yake ya nyumbani, na miongoni mwa maneno hayo, mazito kuliko mengi, ni yale yanayomtaja mtu anayedhaniwa kuua kwa siri, na yale yanayomtaja mtu anayeitwa kuitafuta siri hiyo.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo katika historia, hasa katika kesi moja ya mauaji iliyohukumiwa mwaka 1932, ambapo watu sitini walikabiliwa na kitanzi. Hoja yenyewe ni kwamba katika lugha za Mlima Kenya na Ukambani, kama ilivyo katika Kiswahili, neno la mchawi si sifa tu ya mtu, ni hukumu. Sheria ya kikoloni haikuiona hukumu iliyomo ndani ya neno hilo. Nao waliolitumia hawakuuona upungufu wake, yaani kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi.

Maneno mawili yanayopingana

Katika Kiembu na Kigikuyu mchawi huitwa murogi, na kazi yake ni urogi. Anayeganga na kupiga ramli ni mundu mugo. Katika Kikamba mchawi ni muoi na kazi yake ni uoi. Mganga ni mundu mue na kazi yake ni uwe. Kimeru nacho kina jozi yake, murogi na muga. (Maneno haya yameandikwa hapa bila alama za irabu.)

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kuwa murogi si mgeni kwake. Kitenzi chake ni kile kile cha -roga au -loga, kilichoenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana ya kudhuru kwa siri. Hata uoi wa Wakamba, ingawa kwa sikio waonekana kuwa mbali, hutoka katika shina hilo hilo. Tofauti ni kwamba Kikamba kimedondosha konsonanti ambazo lugha za jirani zimezihifadhi. Kwa hiyo neno la kumshitaki jirani ni la kale sana, na limerithiwa na watu waliotengana muda mrefu uliopita.

Jambo la kushikwa hapa ni kwamba majina haya mawili hayataji daraja mbili za kazi moja. Yanapingana. Mganga huitwa kwa sababu mchawi anahofiwa. Mganga hufanya kazi yake hadharani, hulipwa, na hujulikana kwa jina. Mchawi, kwa mujibu wa imani, hufanya yake usiku na hukana mchana. Ni kweli kwamba watu walishuku kuwa mganga hodari angeweza kugeuka, kwani ajuaye kufungua ajua na kufunga. Lakini shaka hiyo yenyewe isingekuwa na maana kama lugha isingeyatenga majina hayo mawili.

Kiingereza cha watawala hakikuwa na mpaka huo. Jina walilompa mganga liliundwa kwa kuunganisha neno la mchawi na neno la tabibu, hata msikilizaji asijue kama mtu huyo huponya wagonjwa au huponya wachawi. Sheria ya kwanza ya uchawi katika Kenya ilitungwa mwaka 1909, ikafuatwa na nyingine mwaka 1918, na hatimaye Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo ilibaki katika vitabu vya sheria hata baada ya uhuru ikiwa Sura ya 67. Sheria hiyo ilimwadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa kichawi wa kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Papo hapo ilimwadhibu anayemtaja mwenziwe kuwa mchawi, isipokuwa ampelekee habari hizo mtawala au chifu. Tena ilimkataza mtu kutumia nguvu zinazodaiwa kuwa za kichawi ili kugundua wizi au makosa mengine. Mchawi, mshitaki wake na mpelelezi wake wote wakatiwa katika kapu moja.

Siasa ya jambo hili ni wazi. Serikali haikusema kwamba uchawi upo, wala haikutaka kujadili. Ilichotaka ni kuwa yenyewe peke yake yenye haki ya kupeleleza, kuhukumu na kuua. Hata chifu aliyeajiriwa nayo alikuwa na hatia endapo angeruhusu mambo hayo katika eneo lake.

Kesi ya Kumwaka

Chanzo cha kesi ya mwaka 1932 kilikuwa ndani ya nyumba ya mume na mke. Mke wa Kumwaka mwana wa Mulumbi, Mkamba, aliugua akapoteza uwezo wa kusema. Ikaaminiwa kwamba amerogwa na mwanamke aitwaye Mwaiki. Mwaiki akatakiwa aje auondoe uchawi wake. Mambo hayakumalizika kama walivyotaka, na kundi la wanaume likampiga kwa fimbo hadi akafa.

Walioshitakiwa walikuwa Kumwaka na wengine sitini na tisa. Jambo hilo pekee latosha kuonyesha kwamba mahakama haikukabiliwa na mauaji ya kawaida. Muuaji wa kawaida hujificha; hawa hawakujificha. Kwa maoni yao walichofanya kilikuwa na jina, nalo ni king'ole, yaani hukumu ya watu wengi kwa mmoja aliyethibitika, machoni mwao, kuwa hatari kwa wote. Desturi za namna hiyo hazikuwa za Wakamba peke yao. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya Wagikuyu kilichochapishwa mwaka 1938, anaeleza jinsi mchawi alivyochomwa moto mbele ya umati, baada ya ndugu yake wa karibu kuukubali uamuzi kwa kuwa wa kwanza kuuwasha moto. Kukubali kwa ndugu ndiko kulikokitofautisha kifo hicho na uuaji: ukoo wa marehemu usingedai damu, na hakuna mtu mmoja aliyebeba lawama. Wingi wa mikono ulikuwa sehemu ya sheria.

Mahakama Kuu ya Kenya iliuona wingi huo kwa jicho jingine. Kwake ulikuwa wingi wa wauaji. Watu sitini wakahukumiwa kunyongwa. Hoja kwamba waliamini Mwaiki ni mchawi haikukubaliwa kuwa kinga, kwa fikira kwamba kuikubali kungewapa watu moyo wa kuichukua sheria mikononi mwao. Habari hizo zilifika hadi magazeti ya ng'ambo, na hukumu za kifo hatimaye zikabadilishwa kuwa vifungo. Serikali iliyoshinda mahakamani haikuthubutu kunyonga watu sitini kwa kosa ambalo majirani zao hawakuliona kuwa kosa.

Katika mahakama za wakati ule ushahidi ulipita kwa wakalimani, na aghalabu Kiswahili kilikuwa daraja la katikati. Neno uoi lilipofika sikioni mwa hakimu lilikwisha kuwa jina la imani ya uongo. Kwa aliyelitamka lilikuwa jina la kosa kubwa kuliko yote. Shahidi alisema, kwa lugha yake, kwamba muuaji ameuawa. Hakimu alisikia kwamba mtu asiye na hatia ameuawa na watu wajinga. Hapana mkalimani ambaye angeweza kuiziba tofauti hiyo kwa kutafuta neno bora zaidi, maana haikuwa tofauti ya neno bali ya mahakama mbili.

Wasomi na watawala

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1935, jarida la Africa la London lilichapisha toleo zima juu ya uchawi na sheria. Mmoja wa waandishi wake alikuwa G. St. J. Orde-Browne, aliyekuwa ametawala upande wa Embu na Chuka, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kilihusu watu wa miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya. Mjadala ulikuwa huu: je, sheria inayomwadhibu mganga sawa na mchawi haimwachi mwananchi bila mlinzi? Swali lilikuwa jema, ingawa sheria yenyewe haikubadilika.

Huko Meru, H. E. Lambert alilijibu swali hilo kwa njia ya utawala. Katika miaka ya 1920 utawala ulikuwa umevisaka vyama vya siri vya Wameru, ukivihesabu kuwa vya kichawi. Lambert, alipokuwa mtawala wa wilaya hiyo katika miaka ya 1930, alitambua kwamba baraza la wazee la Njuri Ncheke lilikuwa chombo cha hukumu na amani, akalipa nafasi katika utawala. Wasomi wa Kiswahili humkumbuka Lambert kwa kazi nyingine, yaani uchunguzi wa lahaja za pwani kama Kivumba na Chichifundi, uliochapishwa mwaka 1957 na 1958. Si ajabu kwamba mtu aliyesikia tofauti ndogo za lahaja alisikia pia tofauti kati ya baraza na genge.

Lakini serikali yenyewe haikushikamana na kanuni zake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kiapo kikawa kiini cha vita katika Ugikuyu, Embu na Meru, na kuapisha watu kiapo cha Mau Mau kukafanywa kosa la kunyongwa. Wakati huo huo maofisa waliwatumia wazee na waganga kuwatakasa watu kwa viapo vya kale vya Kigikuyu. Huko Machakos, katikati ya miaka ya 1950, yalifanyika matakaso ya hadhara ambapo watu walitakiwa kusalimisha vifaa vya uoi mbele ya wakuu. Serikali iliyosema mwaka 1932 kuwa haiujui uoi, sasa ilikuwa ikiukusanya.

Mpelelezi katika riwaya

Mgongano huo haukukoma mahakamani. Uliingia pia katika fasihi. Mwaka 1960 ilitoka riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyokwisha kupata tuzo katika shindano la uandishi. Maiti inakutwa mzimuni, na fikira ya kwanza ya watu ni kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa haikejeli hofu yao, lakini haitosheki nayo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alimwoa nani, na nani atarithi nini. Katika vitabu vilivyofuata, kuanzia Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, njia yake ni ile ile: nyuma ya jina la kutisha kuna binadamu, na nyuma ya binadamu kuna mapenzi, ndoa au mali.

Yaweza kudhaniwa kwamba Bwana Msa ni hakimu wa kikoloni aliyevaa kanzu. La hasha. Hakimu alilikataa neno la watu bila kuuliza lilitoka wapi. Bwana Msa hulianzia neno hilo hilo, akalifanya swali.

Hitimisho

Ni rahisi kwa msomi wa lugha kuitetea jozi ya murogi na mundu mugo, au ya uoi na uwe, dhidi ya sheria iliyoyachanganya. Na utetezi huo ni wa haki. Watu sitini nusura wanyongwe katika kesi ambayo lugha ya hukumu haikuwa na neno la kutajia walichodhani wanafanya.

Hata hivyo kesi hiyo ilikuwa na mtu mwingine, naye ni Mwaiki. King'ole kilihitaji uthibitisho na idhini, na kwa hiyo kilikuwa sheria. Lakini mtu akishaitwa muoi, kukana kwake huhesabiwa kuwa ndiyo tabia ya muoi, na kukiri kwake huhesabiwa kuwa ushahidi. Neno halikumwachia mlango. Mahakama ya Kiingereza nayo ilimtaja kama maiti katika shitaka, ikashughulika na wauaji wake.

Mtafiti anayekusanya msamiati wa uchawi katika Embu, Meru au Ukambani hana budi, basi, kuandika maana mbili kwa kila neno: maana ya yule anayelitamka, na maana ya yule anayetamkiwa. Kamusi zetu zimezoea kutoa ile ya kwanza tu.