Wasiwasi ni neno la zamani

Wadau, nimekuwa kimya, na sababu ni hii. Mwaka jana kwenye pantoni ya Kigamboni, nikiwa nimempakata mtoto wa dada, likanijia wazo: mtupe majini. Mtoto ninayempenda kama mboni ya jicho! Miezi miwili sikumshika. Nikamdanganya dada kwamba mkono unauma.

Basi nikaanza kuchimba, ndiyo kazi yetu. Kumbe wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, waswas, mnong'ono wa shetani. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliuweka kati ya maradhi ya nafsi yanayotibika, akashauri mgonjwa asikae peke yake. Uingereza, mwaka 1666, mhubiri John Bunyan aliandika jinsi wazo la kumuuza Kristo lilivyomwandama.

Mwaka 1966 Victor Meyer, London, aliwasogeza wagonjwa wawili karibu na walichokiogopa, akawazuia wasifanye vile vitendo vyao vya kujituliza. Wakapata nafuu. Mwaka 1978 Rachman na de Silva wakauliza watu wasio wagonjwa: wengi walikuwa na mawazo yale yale. Hapo nililia, msinicheke.

Mtaalamu wa saikolojia niliyemwendea hakuita polisi. Alisema kukwepa ndiko kunakolisha hofu. Kazi ya kwanza: mpakate mtoto dakika tano, wazo likija usilifukuze.

Jumamosi tulivuka naye pantoni. Wazo lilikuja. Mwenyewe alikuwa anavuta miwani yangu.