Virusi vya kuvu: Adui wa adui wa mpunga

Virusi havishambulii binadamu, mifugo na mimea pekee. Vipo vinavyoishi ndani ya kuvu, zikiwemo zile zinazoharibu mazao. Viligunduliwa mwaka wa 1962 nchini Uingereza, katika uyoga uliokuwa ukilimwa kwa biashara.

Suala hili linamgusa mkulima wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, anayekuza mpunga katika miradi ya unyunyizaji ya Ahero na West Kano. Mmoja wa maadui wake ni blasti, ugonjwa unaoletwa na kuvu iitwayo Magnaporthe oryzae. Kuvu hiyo hutia majani madoa yaliyochongoka pande mbili, yenye rangi ya kijivu katikati. Ikishambulia shingo ya suke, punje hugeuka makapi.

Mwaka wa 2010, watafiti wa Japani walieleza kuhusu kirusi kilichopatikana katika kuvu ya blasti kutoka Vietnam. Kuvu iliyoambukizwa ilidumaa na kupoteza rangi yake ya kawaida.

Je, kirusi chaweza kuokoa mmea? Ulaya ina jibu. Kuvu ya miti ya chesinati, iliyoonekana New York mwaka wa 1904, iliangamiza mabilioni ya miti Marekani. Ilifika Italia mwaka wa 1938, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya miti ilionekana ikipona vidonda. Kirusi kilikuwa kimeipunguzia kuvu makali. Baadaye Wafaransa wakawa wanapaka kuvu hiyo dhaifu kwenye vidonda vya miti.

Marekani, mbinu hiyo haikufua dafu. Virusi vingi vya kuvu havisafiri hewani vyenyewe. Hupita nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, na nyuzi za koo tofauti hukataana. Ulaya koo zilikuwa chache, Marekani nyingi.

Isitoshe, si kila kirusi humfaa mkulima. Vingi havina athari yoyote, na vichache huongeza ukali wa kuvu. Mwaka wa 2018 ilibainika kuwa kirusi cha blasti, licha ya kupunguza ukali, chaweza kuibadili kuvu hata ishambulie mpunga uliokuwa ukiistahimili.

Kwa hivyo, kabla ya kirusi kupelekwa Kano, sharti ijulikane kuvu za huko ni za koo ngapi na mbegu zinazopandwa zitaathirika vipi. Kwa sasa kinga ni ileile: mbegu safi zinazostahimili ugonjwa, mbolea ya naitrojeni kwa kiasi, shamba lisilokaukiwa maji, na kuteketeza mabua yaliyoambukizwa.