Kutoka Kipande hadi Laini ya Simu

Reli ilipofika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901, dola ya kikoloni ilipata njia ya kumfikia mtu wa Ziwa Victoria, na haikukawia kuanza kumwandika. Tangu hapo habari zake zimehifadhiwa asikoweza kufika, na watu wanaomjua kuliko anavyowajua.

Sheria ya kipande ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kuning'iniza shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Mwajiri aliandika humo mshahara na tarehe za kazi. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mwenye kipande alihesabiwa mtoro popote alipokamatwa. Alama za vidole zilibaki Nairobi.

Desemba 1921 watu wa ziwani walikutana Lundha, Gem, wakaunda chama cha Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na kodi na kazi za lazima. Nawaheshimu mno: walidai haki juu ya habari zao karibu karne nzima kabla Kenya haijapata sheria ya kulinda data.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, akiba ya mvuvi na mchuuzi ilihamia kwenye simu, na wezi wakahamia huko huko. Tazama wanavyofanya. Mchuuzi wa omena pale soko la Kibuye anapigiwa na mtu anayejiita mhudumu wa kampuni ya simu na kumtajia namba yake ya kitambulisho na mwaka aliozaliwa. Baadaye mtandao unapotea. Anadhani ni mnara. Kumbe laini yake imehamishiwa kadi nyingine, na ujumbe wa kubadilisha namba ya siri unaingia kwenye simu ya mwizi. Simu yenyewe hajaibiwa, iko mfukoni mwa aproni. Kilichoibwa ni kitambulisho, na huenda kilivuja kwenye daftari la wageni la jengo fulani au kwenye programu ya mikopo.

Kwa wagonjwa, hatari si pesa tu. Mwaka 2015 serikali iliagiza watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi waorodheshwe. Mahakama Kuu ikasema mwaka uliofuata kwamba agizo hilo lilivunja katiba. Katika kaunti za ziwa, zilizoumizwa na ugonjwa huu kuliko nyingi nchini, orodha kama hiyo ikivuja inaweza kumtoa mtoto shuleni.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwananchi haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kuyasahihisha. Oktoba 2021 mahakama iliitumia kusimamisha kadi za utambulisho za Huduma, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari zake.

Sasa kumbukumbu hizi zinahamia kwenye wingu, yaani mashine za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo kikubwa cha data Olkaria. Kuwa na mashine nchini ni jambo jema, lakini swali kubwa ni nani anashika funguo za kufungulia data hizo, na kila anayezifungua anaandikwa wapi. Mgonjwa wa Mbita anastahili kuisoma orodha ya waliofungua habari zake kwenye simu yake, kwa Dholuo au Kiswahili, hata kama simu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe.