Fumua, Bandua, Zibua: Kiswahili cha Nyumba Kuukuu

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi jijini Mwanza huuzwa ubao uitwao fishabodi. Ni ule ubao mrefu, mwembamba, unaopigiliwa kwenye ncha za mbao za paa ili kuficha vichwa vyake na kubeba gata la kukingia maji ya mvua. Mgeni akilisikia jina hilo hapa, kwenye jiji la sangara na dagaa, atadhani ni mali ya wavuvi wa Mwaloni Kirumba. Samaki hawahusiki hata kidogo. Neno lilianza na Kilatini, fascia, maana yake ukanda, likapitia kwa Waingereza, likafika kwa mafundi wetu, na masikio ya watu yakalipa harufu ya ziwa. Sina ugomvi nalo. Ukienda dukani ukaulizia “ubao wa ukingo wa paa” utazungushwa mpaka mtu mmoja akuonee huruma na kukutafsiria.

Nyumba za zamani za mjini zimejaa majina ya namna hii. Anayeamua kuitengeneza mwenyewe nyumba aliyoachiwa na wazazi kule Isamilo, Kirumba au Pasiansi atayajua kwa lazima, maana kitu usichoweza kukitaja hukinunui. Na akiyasikiliza vizuri atagundua kwamba karibu kila nomino anayoitamka ilikuja na mzigo. Parafujo ni ya Wareno, ingawa hapa Mwanza neno hilo limebaki kwenye kamusi na watu husema skrubu. Msumari ni wa Waarabu. Randa inayolainisha mbao ni ya Waajemi. Kenchi, ule mfumo wa mbao za pembetatu unaoshikilia mabati, imetoka kwa Wahindi, na kwao neno hilo ni mkasi: tazama mbao mbili zinavyokutana kileleni utaona mkasi uliofunguliwa. Reli ilipofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, bidhaa nzito zilipata njia rahisi ya kufika ziwani, na kila bidhaa ilishuka na jina lake. Hata kupiga deki, kazi ya kila asubuhi, ni lugha ya mabaharia. Deki ni sakafu ya meli.

Saruji nayo ina mkasa wake. Viwanda na magazeti huandika saruji, fundi husema simenti, na wote wawili wanazungumzia mfuko uleule. Lakini ukivuka bahari hadi Oman, saruji ni kitu kingine: udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa. Ndio uliotumika kuzuia maji yasivuje kwenye mifereji ya kale iitwayo aflaji, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ndio hutumika hadi leo kukarabati ngome zao. Kwa hiyo jina letu la mfuko wa kiwandani ni kongwe kuliko kiwanda chenyewe. Nalitaja hili kwa sababu mwenye nyumba ya zamani anahitaji kujua tofauti. Ukuta uliojengwa kwa mawe na udongo au chokaa hutoa unyevu wake polepole kupitia lipu laini. Ukiufunika kwa simenti ngumu na nzito, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajitokeza, na masika ya pili rangi inababuka kama ngozi ya mgonjwa.

Basi nomino tumekopa. Vitenzi je?

Hapo ndipo Kiswahili kinapokataa kukopa, na hapo ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Kujenga kuna vitenzi vyake: kuziba, kubandika, kufukia, kuchomeka, kupachika, kuezeka. Kutengeneza nyumba kuukuu huanza na vinyume vyake: kuzibua, kubandua, kufukua, kuchomoa, kupachua, kuezua. Silabi moja mwishoni mwa kitenzi inageuza kazi yote. Choo kilichoziba kinazibuliwa. Vigae vilivyobandikwa ovyo vinabanduliwa. Bomba lililofukiwa miaka mingi iliyopita, na hakuna aliye hai anayejua lilipopita, linafukuliwa. Na upepo wa ziwa unapokuja usiku na kubeba mabati, magazeti huandika kwamba umeezua nyumba, kitenzi kilichozaliwa enzi za nyasi ambacho hakijaona haya kuhamia kwenye bati la geji 30.

Kitenzi ninachokipenda kuliko vyote ni kufumua. Kufuma ni kazi ya kitambaa na sweta. Kufumua ni kuachanisha kilichofumwa. Lakini fundi anayepanda juu ya paa la zamani, akagonga mbao mbili tatu na kusikia sauti ya mchwa, atashuka na kusema: “Bosi, hapa lazima tufumue.” Hasemi kubomoa. Kubomoa ni kuharibu, na kinachobomolewa hakirudi. Kinachofumuliwa kinatazamwa kwanza: bati lipi bado zima, ubao upi una mchwa, msumari upi unyooshwe utumike tena. Ukimsikia fundi akisema kubomoa mahali palipostahili kufumua, uliza mara mbili kabla hujatoa pesa.

Maneno ya kukopa hayana uwezo huo wa kujigeuza kinyume. Hakuna fundi aliyewahi kusema kuplastua. Neno la kigeni likija kwenye nyumba hupewa kitenzi cha kubebea, nacho aghalabu ni piga: piga lipu, piga rangi, piga randa. Siku ya kuliondoa, piga haifai tena. Rangi iliyopigwa haipiguliwi, inakwanguliwa. Plasta inabanduliwa. Kuweka kunaweza kusemwa kwa Kihindi, Kiarabu au Kiingereza. Kuondoa husemwa kwa Kibantu.

(Msasa nao hupigwa, ingawa si wa kigeni. Kwa aliyezaliwa mjini, ni karatasi ya mchanga inayouzwa kwa namba. Kabla ya hapo ulikuwa mti, jamii ya mkuyu, wenye majani makali yaliyotumika kusugulia mbao na vyombo. Karatasi ilirithi kazi ya jani, na jina pia.)

Chukua mfano wa ufa, ugonjwa wa kawaida wa nyumba za milimani Mwanza. Mji huu umekaa juu ya itale, ile miamba ambayo mmoja wake, wa Bismarck, uko kwenye kila kalenda. Nyumba nyingi za zamani zimekaa mguu mmoja juu ya mwamba na mguu mwingine juu ya udongo uliojaziwa. Mwamba hausogei, udongo unatitia, na ukuta unapasuka mahali viwili hivyo vinapokutana, mara nyingi kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Isitoshe, mwamba haunywi maji: mvua ikinyesha juu ya kilima, maji yote hutelemka na kuutafuta msingi wako.

Mwenye nyumba humwambia fundi, “Niwekee simenti kwenye ule ufa.” Fundi anaweka. Miezi michache baadaye ufa umerudi palepale, ukiwa na ukingo mpya wa simenti. Methali ya kuziba ufa inajulikana kwa kila mtoto wa shule, ila haikusema ufa unazibwaje, na kazi yote iko hapo. Ufa hufukuliwa kwanza. Shika tindo na nyundo, utanue mpaka ukutane na sehemu imara ya ukuta, ndani pawe papana kuliko nje. Piga brashi vumbi lote litoke. Lowesha kwa maji, maana ukuta mkavu utanyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika. Ndipo uzibe, ukishindilia kwa ncha ya mwiko. Na kama ufa ule unaendelea kupanuka, usihangaike na ukuta. Nenda ukafukue mtaro upande wa mlimani, maji yapate njia nyingine.

Haya yote utayaeleza vipi bila vitenzi? Ndiyo maana nadhani kazi yetu ya istilahi imeegemea upande mmoja. Tangu BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, lianzishwe mwaka 1967, na TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, itoe Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, watu waliosoma wamefanya kazi kubwa na ya heshima, lakini wamehangaika zaidi na majina ya vitu. Yapo yaliyokubalika, yapo yaliyobaki kabatini. Kiungo cha bomba kilichopinda sokoni huitwa elbo, hata kama kiwiko kipo na kinatosha. Tii, soketi na chemba zimeshaota mizizi. Istilahi ninayoiona imefaulu kuliko zote ni pimamaji, kile kifaa chenye kiputo cha kupimia kama ukuta umekaa sawa. Mtoto wa fundi hahitaji kufundishwa maana yake. Imeanza na kitenzi, inaeleza kazi, na leveli haijaweza kuiondoa.

Neno ukarabati, kwa upande wake, nawaachia serikali. Limekaa vizuri kwenye meli: MV Victoria ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi majini mwaka 2020. Kwa koki inayodondosha matone na mlango uliovimba kwa mvua, matengenezo yanatosha.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi, VETA wa hapa Nyakato wakiwa wa kwanza, na kwa watunga kamusi. Mtakapoandaa orodha nyingine ya maneno ya ujenzi, msianze na picha za vifaa na mishale ya majina. Nendeni Makoroboi, mtaa uliopewa jina la taa za makopo na mafundi bati wake, mkae kwenye benchi, mwandike watu wanafanya nini: anakwangua, anafumua, anashindilia, anazibua. Anzeni na mafundi wazee, kwa sababu vijana wengi sasa huagiza kazi kwa kuonyesha picha kwenye simu.