Dini ya Buda na Soko la Nyangwe

Je, yaweza kuwako dini isiyomtaja Mungu Muumba? Iko. Buda alifundisha huko Uhindi, yapata zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hakumhubiri Mungu Muumba. Aliwafundisha watu kuacha tamaa, na kutoua kiumbe cho chote chenye uhai.

Sisi watu wa Maniema twashangaa, maana kwetu Mungu alitajwa tangu zamani. Wasongye walimwita Efile Mukulu kabla ya kuja mapadri. Lakini kutaja ni jambo moja, kutii ni jingine. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko la Nyangwe, watu wa wafanya biashara ya watumwa waliwapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Livingstone aliona kwa macho yake. Waarabu wenyewe walikadiria wafu 330 hadi 400. Wengi walizama katika Lualaba. Wakubwa wa biashara ile walimkiri Mungu mmoja. Nao Wazungu waliouteka mji mwaka 1893, watu wa nchi za Kikristu, dola yao ilitawala kwa kiboko na kazi ya nguvu.

Basi, tusimcheke mfuasi wa Buda. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Yeye hajamjua Baba, lakini anajifunza kutoua. Sisi twamjua. Ajuaye jina la Bwana wake ndiye atakayedaiwa zaidi.