Kihenge cha Mwilini: Akiba ya Chakula na ya Mafuta katika Historia ya Kahama

Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma walioikalia nchi ambayo leo ni Kahama waliishi kwa vipindi viwili, mvua iliyojaza mashamba na kiangazi kirefu kilichoyakausha, na kwa hiyo historia ya chakula chao ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuweka akiba. Uwele na mtama vilitiwa katika vihenge. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vikawa matobolwa. Na hata mifugo ilitengewa ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili yatumike wakati wa ukame.

Mwili nao una kihenge chake. Chakula kinapozidi mahitaji, seli za mafuta, zilizotanda chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni, hukipokea na kukihifadhi kikiwa mafuta, kisha huyaachia njaa inapoingia. Kazi hii ni sehemu ya umetaboli, yaani jumla ya namna mwili unavyovunja chakula, kukitumia na kukiweka. Mwaka 1962 mwanajenetikia Mmarekani James Neel alitoa nadharia kwamba jeni, ambazo ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, zilizowawezesha watu wa kale kujaza akiba upesi wakati wa neema, ndizo zinazowaletea wazao wao kisukari pale neema isipokoma. Nadharia hiyo inavutia, hasa kwa nchi yenye kumbukumbu ya njaa, lakini haitoshi, kwa kuwa inamtazama mwenye mafuta kana kwamba mafuta yenyewe ndiyo ugonjwa.

Ushahidi wa baadaye umeelekeza macho kwenye ubora wa kihenge. Watu wachache wanaozaliwa karibu bila seli za mafuta hawawi na afya njema zaidi; hupata kisukari kikali, kwa sababu mafuta yaliyokosa pa kukaa humwagikia kwenye ini na misuli, na viungo hivyo huacha kuitii insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli. Jeni iitwayo PPARG ndiyo huamrisha seli changa kukomaa kuwa seli za mafuta, na hitilafu zake nzito huleta madhara ya namna hiyohiyo. Jeni nyingine, KLF14, ina ajabu yake: nakala inayofanya kazi ni ile iliyotoka kwa mama peke yake, na aina yake moja huwafanya wanawake wawe na seli za mafuta chache zilizovimba, huku mafuta yakihama kutoka nyongani kwenda tumboni, ambako hatari ni kubwa zaidi.

Jeni hizo hazikubadilika Kahama. Kilichobadilika ni kiangazi. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya takribani kilo 30 kwa miguu hadi pwani, na akiba ya miili yao ilijazwa na kumalizwa kila mwaka. Dhahabu iliyogunduliwa Bulyanhulu, katika nchi hiyohiyo ya Kahama, katikati ya miaka ya 1970 ilivuta maelfu ya wachimbaji wadogo hadi walipoondolewa mwaka 1996. Mgodi mkubwa wa hapo ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi ukafanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021. Mji ulikua, na fedha ikaleta wali, chipsi, mafuta ya kupikia na soda miezi yote 12, na bodaboda zikachukua nafasi ya miguu. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa takribani mtu mzima mmoja kati ya 100. Ule wa kitaifa wa 2012 ulikikuta kwa zaidi ya asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64, ingawa vipimo na makundi havikufanana kiasi cha kulinganishwa moja kwa moja.

Ndiyo maana wachimbaji wawili wanaoshuka duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na kula kwa mama ntilie mmoja huweza kutofautiana kabisa: mmoja ananenepa na damu yake inabaki salama, mwingine, mwembamba wa mikono na miguu lakini mwenye kitambi, anaugua, kwa kuwa kihenge alichorithi kilijaa mapema. Kwa huyo wa pili utepe wa kupimia kiuno husema mengi kuliko mizani.