Mpala na Kirungu: Nani Mwenye Kuamua?

Huku kandokando ya ziwa Tanganyika watu wengi husema: "Mji wetu ulianzishwa na Mapadri." Neno hilo ni kweli nusu tu. Mji si matofali na kengele ya kanisa. Mji ni watu wanaojua shauri lao litaamuliwa na nani.

Zamani nchi ilikuwa ya masultani. Katika mwaka 1883 alifika Kapteni Storms, Mbelgiji. Sultani Mpala alichanjiana naye damu, akampa mahali pa kujenga boma. Lakini Storms hakutosheka na undugu; alitaka masultani wamtii. Sultani Lusinga, aliyekuwa akiteka na kuuza watumwa, hakumtii. Katika Desemba 1884 watu wa Storms walimwua, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji.

Mwaka 1885 boma la Mpala lilipewa Mapadri Weupe. Waliowakimbia wawindaji wa watumwa wakapata kimbilio pale. Mwaka 1887 akaja Kapteni Joubert, Mfaransa, awalinde kwa bunduki na kuamua mashauri yao. Mwaka 1893 Padri Roelens akaanzisha misioni juu ya mlima, Kirungu, ikaitwa Baudouinville.

Amani ilikuja, na tunashukuru. Lakini tuseme kweli: aliyeamua alikuwa mgeni, na sultani akawa msikilizaji katika nchi ya babu zake. Serikali ya Wabelgiji ilimrudishia kiti, si nguvu. Amri ya mwaka 1933 ilipanga sheferi na sekta, zenye sanduku la fedha na baraza la hukumu. Lakini serikali iliweza kumwondoa chefu asiyeipendeza.

Mwaka 1917, huko Kirungu, Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii, alipata upadri, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Tazameni: altare ilikabidhiwa kwa mwenyeji zaidi ya miaka 40 kabla ya utawala.

Leo mji unaitwa Moba. Sheria ya mwaka 2008 yasema mkuu wa sekta achaguliwe na baraza la wajumbe; chefu wa sheferi hufuata desturi, naye ana baraza kando yake. Basi, ndugu, mlipapo kodi ya soko, ulizeni sanduku limefanya nini. Wazee wetu hawakupewa ruhusa ya kuuliza. Sisi tunayo, tukinyamaza, kosa si la mgeni tena.